Kilemba cha Mstari wa Njano

Mimea ilikuwa inakufa kwa kunyweshwa. Inspekta hakuwa mtu wa maua, lakini hata yeye aliliona hilo. Vyungu vilijazana kwenye rafu za baraza ya uani, na karibu kila mmea ulikuwa umelegea, majani yake manene yamekuwa teketeke kama tunda lililosahaulika chini ya kitanda. Alibonyeza jani moja kwa ncha ya kidole. Likapasuka, likamwachia maji yenye uvundo.

"Naimwagilia kila asubuhi, mimi mwenyewe," alisema mkandarasi nyuma yake. "Akirudi asije akasema nilimtupia vitu vyake."

Mkandarasi huyu ndiye aliyekuja kituoni kuripoti. Dada yake mdogo, mpiga eksirei wa hospitali kubwa, alikuwa akiishi katika chumba cha uani tangu kaka mtu alipofiwa na mkewe. Siku moja aliaga anakwenda kazini, na tangu hapo simu imezimwa na hakuna aliyemtia machoni. Mkandarasi alilia mbele ya meza ya Mkuu wa Kituo mpaka askari wa zamu wakageuzia nyuso ukutani. Mkuu wa Kituo, ambaye nyumba yake ilijengwa na mkandarasi huyohuyo, alimkabidhi Inspekta jalada na kumwambia alibebe kama anavyobeba yai.

Inspekta alipandisha macho hadi rafu ya juu. Kati ya vyungu viwili palikuwa na duara la kitako cha chungu, vumbi lake jepesi kuliko la pembeni.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kimmea chake kile cha ajabu. Wenzake wanakiita Kilemba. Alikuwa akikipenda kuliko watu."

"Kiko wapi sasa?"

"Si anacho kinyozi! Kinyozi yule wa karibu na stendi. Walikuwa wanakutana kila wiki kwa kisingizio cha miti. Afande, nilishalisema hili kituoni. Mtu wa kukamatwa anajulikana, nashangaa mnazunguka."

Koplo, mtu mzima mwenye umri wa kuwa mjomba wa Inspekta, alikuwa amechuchumaa karibu na rafu ya chini akijifanya anafunga kamba za viatu. Alikohoa kidogo. Inspekta akainama naye. Ukutani, usawa wa goti, palikuwa na alama za viganja vya udongo, vidogo, vimepangwa kwa mstari kama mtu aliyekuwa akicheza.

"Una mtoto?" Inspekta aliuliza.

"Binti mmoja. Yuko shule ya bweni."

Jibu lilitoka haraka mno, kana kwamba alikuwa amelishika mkononi.

"Mbona viganja ni vya mtoto mdogo hivi?"

"Siku hizi wanaanza wadogo. Afande, tunamtafuta dada yangu au tunaikagua familia yangu?"

Inspekta aliomba radhi. Mkandarasi akawasindikiza hadi kwenye geti, akawashukuru, akawashika mikono kwa viganja vyote viwili.

Ndani ya gari Koplo alisema, "Analia vizuri, yule bwana."

"Vizuri vipi?"

"Analia huku anaangalia saa."

*

Jumapili mchana Inspekta alivaa gauni la kawaida, akaazima kwa mama mkwe wake chungu cha shubiri, akaenda maktaba, wanakokutana wapenda mimea kila wiki. Chumba cha kusomea kilikuwa kimegeuka uwanja. Meza zimeunganishwa, zimetandikwa magazeti, na juu yake vijimea vya kila sura: vilivyofanana na kokoto, vilivyoning'inia kama mikia, vilivyovaa manyoya meupe kama vizee. Wenyewe waliviita "wanono", kwa ajili ya majani yanayojiwekea maji.

Mkutubi mstaafu, aliyejulikana hapo kama Mama Maktaba, alikitazama chungu cha Inspekta, kisha akamtazama yeye.

"Mwanangu, shubiri? Hii hata mbuzi wa jirani anayo."

"Ndiyo naanza, mama."

"Basi anza kwa kujua sheria. Hapa hauuzwi hata mzizi. Unaleta, unachukua. Anayechukua bila kuleta tunamkazia macho mpaka atoke mwenyewe."

Meza ya pili, mwalimu mmoja na fundi magari walikuwa wanazozana kuhusu kijimea fulani, kila mmoja akidai chake ndicho mama na cha mwenzake ni mtoto. Walikaribia kushikana mashati. Inspekta akangoja wapoe, ndipo akauliza habari za Kilemba.

Chumba kizima kilipunguza sauti.

"Nani amekutuma?" aliuliza Mama Maktaba.

Inspekta akamwonyesha kitambulisho, chini ya meza. Mama Maktaba alikisoma taratibu, mbele na nyuma. Kisha akamvuta hadi kwenye rafu za kamusi, mahali ambapo hakuna mtu.

"Ni cha Mionzi," alisema. Hilo ndilo jina walilompa mpiga eksirei. "Mmea wa kawaida hukua kwenda juu. Huu uligoma, ukakua kwa ubavu, ukajikunja na kujikunjua kama kitambaa kichwani. Na ukingoni una mstari wa njano. Ulijizaa wenyewe barazani kwake, hatujauona kwingine. Watu wamemwomba kipandikizi mpaka wamepiga magoti. Hakutoa."

"Hata kwa kinyozi?"

"Kinyozi ndiye aliyepiga magoti kuliko wote."

"Na mtu akiiba jani moja, akaliotesha?"

"Jani litaota, lakini mstari haurithiwi kwa jani. Utapata kijani kitupu. Ukitaka mstari sharti ukate kipande cha kichwa chenyewe, na kukata kunataka mkono. Ukikosea, mama na mtoto wanaoza wote." Aliangalia mlango. "Kinyozi hajawahi kukosa Jumapili hata moja. Leo hayupo."

Akachomoa kichipukizi kimoja cha shubiri, akamrudishia Inspekta chungu chake, akampa na kijimea kimoja kidogo chenye manyoya.

"Sasa hiki cha nini, mama?"

"Umeleta, kwa hiyo unachukua. Hata polisi."

*

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja walipoingia. Mashine ilimponyoka kidogo, mteja akapata njia mpya juu ya sikio.

"Wewe kaka, malizia nyumbani," Koplo alimwambia mteja. Mteja alitoka na nusu ya nywele, bila kubishana.

Inspekta hakukaa. Alitembea polepole mbele ya kioo, akasogeza chupa za mafuta moja baada ya nyingine. Nyuma ya chupa ya mwisho, ndani ya kopo la changarawe, kilikaa kitu mfano wa ngumi ya mtoto mchanga, kimejikunja, chenye mstari wa njano ukingoni.

"Hiki nini?"

"Mnono tu, afande. Nimeuotesha kwa jani. Jani liliokotwa chini siku za nyuma, yeye mwenyewe aliniruhusu."

"Jani la Kilemba huota na mstari?"

Kinyozi akaanza kupanga upya chupa za mafuta.

"Mimi si mtaalamu," Inspekta aliendelea. "Nimeambiwa jana tu na watu wenye kujua. Kwa hiyo umenidanganya tangu neno la kwanza."

Koplo alichukua zamu bila kuambiwa. Alivuta kiti, akakaa karibu mno. "Sikiliza, mdogo wangu. Mwenye Kilemba haonekani. Kilemba hakipo kwake. Kipande chake kipo kwako, nyuma ya mafuta ya nywele. Ungekuwa wewe ni mimi, ungefikiri nini?"

"Ningefikiri vibaya."

"Basi ndivyo nafikiri."

Inspekta alikuwa amekinyanyua kipandikizi. Kilitoka kwenye changarawe bila kushikilia, kwa kuwa hakikuwa na mzizi hata mmoja. Chini kilikuwa na kovu moja, limenyooka, kavu. Aliligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mpiga eksirei alikuwa amepotea wiki kadhaa, na kovu hili lilikuwa changa. Kwa hiyo baada ya kupotea kwake Kilemba mama bado kilikuwa hai mahali fulani, mikononi mwa mtu mwenye kisu safi na mkono usiotetemeka. Aliitazama mikono ya kinyozi. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa.

"Fungua chumba cha nyuma," alisema.

Chumba cha nyuma kilikuwa na godoro, jiko, na paka aliyewaangalia kama wamechelewa. Vyungu vilijaa dirishani. Kilemba mama hakikuwapo. Juu ya sanduku la nguo palikuwa na kifuniko cha boksi kilichojazwa mchanga, na majani yamelazwa humo yaote mizizi. Inspekta alikiinua, mchanga ukamwagika. Ubavuni mwa kifuniko palichorwa kiatu cha shule cha msichana, chenye mkanda na kifungo, na namba ya mguu mdogo sana.

"Una mtoto?"

"Sina mtoto, sina mke. Nina huyo paka."

"Chama chenu hakitoi bure. Alikupa Kilemba alichowanyima watu wote. Wewe ulimpa nini?"

Kinyozi alikaa juu ya godoro. Alimwangalia Koplo, halafu akauangalia mlango wa mbele, halafu akazungumza kwa sauti ya chini.

"Nipelekeni ndani kama mnataka. Mimi huko alipo sisemi. Wiki ile alipoondoka, kaka yake alikuja hapa kunitishia. Alishuka kwenye gari. Unajua nani alikuwa anaendesha? Mkuu wenu wa Kituo. Sasa nyie mnaotoka kwake niwaambie nini?"

Simu ya Koplo ikaita wakati huohuo. Koplo alitazama jina kwenye kioo, akamwonyesha Inspekta. Alikuwa ni Mkuu.

Inspekta alimtazama Koplo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, lakini Koplo na Mkuu waliingia jeshini siku moja na wameozeshana watoto. Kama kuna mtu angepeleka habari, angekuwa huyu.

Koplo alipokea. "Naam, Mkuu... Kinyozi? Tuko naye hapa... Hapana, hakuna kitu. Tumenyolewa tu, Mkuu." Akakata. Akapitisha kiganja juu ya kipara chake kinachong'aa, kisha akamgeukia Inspekta. "Usinitazame hivyo, mwanangu. Nina wajukuu."

Nje, karibu na gari, Inspekta alilisema jambo kwa sauti ili alisikie vizuri mwenyewe. "Mwanamke asiye na mtoto ametoa kitu anachokipenda kuliko vyote, ili apate viatu vya mtoto."

"Na mwanamume mwenye mtoto," Koplo alidakia, "amekuja kwetu kulilia dada peke yake."

*

Hospitalini, daktari wa mifupa aliwapokea amesimama, kama mtu anayetarajia wageni waondoke. Ndiyo, alimfahamu Mionzi. Ndiyo, mfanyakazi mzuri. Hapana, hajui kwa nini ameacha kazi.

"Nani kasema ameacha kazi?" Inspekta aliuliza. "Kaka yake anasema amepotea."

Daktari akapangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Picha ya mwisho aliyopiga ni ya nani?"

"Hizo ni siri za wagonjwa."

"Sawa. Nitakuuliza ambalo si siri. Binti ya mkandarasi aliwahi kuletwa hapa?"

Daktari akafunga mlango, akawasha kioo cha kompyuta. Mkono mwembamba ukatokea, mweupe juu ya weusi.

"Alianguka kwenye ngazi. Hivyo ndivyo baba alivyosema. Ufa mpya ni huu hapa." Kidole chake kikahama. "Sasa tazama hapa, palipovimba. Hapa mfupa ulivunjika zamani, ukajiunga wenyewe bila kupelekwa kokote. Na hapa. Na kwenye ubavu huu. Mivunjiko hii haikutokea siku moja. Mtoto haanguki ngazi ileile kwa miaka, tena nyumba yao haina ghorofa."

Inspekta aliikumbuka nyumba. Haikuwa na ngazi, kweli. Baraza tu, na kizingiti kimoja.

"Yeye alipigaje picha ya mtoto wa kaka yake?"

"Ndiye aliyekuwa zamu. Baba hakutaka, alitaka wangoje zamu nyingine. Mtoto alikuwa analia, Mionzi akamchukua akaingia naye. Alipotoka humo ndani sikumjua. Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi."

"Mkurugenzi akafanya nini?"

"Akamwita baba wa mtoto wazungumze kiungwana. Yule bwana ndiye anayetujengea wodi mpya."

"Na waungwana wakakubaliana nini?"

Daktari alibonyeza kitufe, mashine pembeni ikaanza kutoa nakala, na alipompa Inspekta ile nakala alisema, "Nilipaswa kufanya hivi siku ileile." Koplo alimwambia ndiyo, alipaswa.

*

Inspekta hakurudi kituoni. Alimruka Mkuu wake, akaenda makao makuu kwa mkubwa wa upelelezi, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi. Mama yule aliitazama picha, akauliza maswali mawili matatu, akatoa amri kwamba mkandarasi aitwe aje pale, aambiwe kuna habari njema.

Mkandarasi alikuja amevaa suti.

"Mmempata?"

"Kaa kwanza," Inspekta alisema. "Jalada lina pengo, tulijaze. Binti yako anasoma shule gani?"

"Hilo linahusu nini?"

"Jina la shule tu."

Akalitaja. Koplo akachukua simu ya mezani, akapiga mbele yake, akasikiliza, akashukuru. "Hawamjui," alisema.

"Nimekosea. Nilimhamisha. Yuko kwa bibi yake."

"Bibi yake mzaa mama alishafariki. Mzaa baba ni mama yako, tumempigia asubuhi. Hajamwona mjukuu wake tangu msiba wa mkeo."

Mkandarasi aligeukia mlango. Koplo alikuwa ameshauegemea.

"Nampigia Mkuu wa Kituo."

"Piga. Yuko chumba cha pili, naye anaulizwa yake."

Kwa mara ya kwanza uso wa mkandarasi ulikosa pa kukaa. Kisha ukapata, na haukuwa uso wa mtu aliyepotelewa.

"Mwizi yule! Amemwiba mtoto wangu! Mimi ndiye wa kushtaki, na nyinyi mnanihoji mimi?"

"Ungetuambia ameiba mtoto, nchi nzima ingemtafuta mtoto siku ileile," Inspekta alisema. "Picha ya binti yako ingekuwa kila mahali. Hukulisema hilo. Ulitaka tumtafute mkubwa, tukuonyeshe alipo, umalize mwenyewe." Akaiweka nakala ya eksirei mezani, akaisukuma hadi mbele yake. "Mzazi yeyote angeniuliza hii ni nini. Wewe hujauliza."

Hakuuliza hata hapo. Aliitazama tu, na mikono yake, ile iliyozoea kushika watu kwa viganja viwili, ikateremka chini ya meza.

*

Kinyozi alikubali kuongea baada ya kuletewa habari hizo na Mama Maktaba, si na polisi. Hata hivyo alisema atampigia simu Mionzi kwanza, na kwamba aende mwanamke, peke yake, bila sare.

Nyumba ilikuwa nyuma ya zahanati ndogo, mbali na mji, ya muuguzi aliyesoma na Mionzi. Dirishani, upande wa kivuli, Kilemba kilikaa juu ya sahani, kimejikunja, ubavuni kina makovu mawili matatu. Inspekta alipiga hodi. Ndani, kitu kiliburutwa sakafuni, pakawa kimya. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo haukutolewa.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, dada."

"Na kaka yangu?"

"Yuko ndani."

Mlango ukafungwa kwa kishindo. Inspekta akajiuma ulimi.

"Ndani kwetu!" alisema kupitia mbao. "Selo, dada! Si ndani ya gari! Nenda dirishani uangalie, gari ni tupu."

Alisikia nyayo zikienda dirishani, zikirudi. Mnyororo ukaondolewa. Mwanamke aliyesimama pale alikuwa mwembamba kuliko picha yake, na mkononi alikuwa na kisu kidogo cha kukatia vipandikizi. Alimwonyesha Inspekta kiti kilichotazama mlango, akasema aweke mikono juu ya meza. Inspekta aliiweka.

"Atakaa humo mpaka lini?"

"Mpaka hakimu aamue. Ana wakili tayari, na wakili wake ni hodari. Watasema wewe ni mwizi wa mtoto. Picha ninayo na daktari atasimama. Lakini picha inaonyesha mfupa umevunjika, haionyeshi nani ameuvunja."

"Kwa hiyo unataka nirudi mjini kule."

"Nataka usimame useme kabla yeye hajasema."

Mionzi alikaa. Kisu kilibaki mkononi. "Nilikwenda kwa mkurugenzi, akamwita yeye. Nilitaka kuja kwenu, nikamkuta Mkuu wenu mezani kwetu anakula. Na wewe nitakuamini kwa lipi?"

"Sijui," Inspekta alisema. "Mimi ningekuwa wewe, nisingeniamini."

Chini ya kitanda, kitambaa kilisogea. Msichana mdogo akatambaa akatoka, mkono mmoja umening'inizwa shingoni kwa khanga. Alisimama nyuma ya shangazi yake, akachungulia, akamkagua mgeni kuanzia nywele hadi miguu bila haraka.

"Huko kwa hakimu," aliuliza, "na mimi nitaulizwa?"

"Rudi chini, mwanangu," shangazi alisema.

"Ukitaka," Inspekta alijibu. "Hakuna wa kukulazimisha. Na wewe ukisema, baba yako hatakuwa chumba hicho."

Mtoto alifikiri.

"Nataka," akasema mtoto.